Mrusha mkuki wa miaka 16 anaumwa kiuno: achuliwe, apumzike au afanye mazoezi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari ya bweni. Nina mwanafunzi wa kidato cha tatu, ana miaka 16, anarusha mkuki kwa mkono wa kulia na pia ni mshambuliaji wa timu yetu ya voliboli. Kwa wiki saba sasa analalamika maumivu ya kiuno upande wa kushoto. Tumemchua, tumemkanda kwa maji ya moto, amechomwa sindano ya kutuliza maumivu mara mbili, na picha ya eksirei ilionyesha mifupa mizima. Alifundishwa pia zoezi la kulala kifudifudi na kunyanyua kifua kwa mikono, lakini anasema linamzidishia. Akipumzika siku nne au tano anapata nafuu, akirudi uwanjani maumivu yanarudi. UMISSETA, yaani mashindano ya michezo ya shule za sekondari Tanzania, ngazi ya mkoa imebaki wiki tano. Je, ni tiba gani ya viungo itakayomwezesha kushiriki?

Jibu: Mwalimu, umeeleza hali ya kijana huyu vizuri kuliko barua nyingi za rufaa ninazopokea, na kwa sababu hiyo ninaweza kukujibu bila kuzunguka: asirushe mkuki wala kupiga mpira wa kushambulia katika wiki hizi tano, na mashindano ya mkoa ya mwaka huu ayatazame akiwa nje ya uwanja. Najua jibu hilo ni zito kwake na kwako. Mtu mzima akiniletea maumivu ya kiuno ya kawaida, mara nyingi humhimiza aendelee kutembea, kufanya kazi na hata kucheza kwa kiasi. Kwa kijana wako siwezi kusema hivyo, kwa kuwa umri wake, michezo yake miwili, upande unaouma na namna maumivu yanavyorudi kila anaporusha vinanielekeza kwenye mfupa kabla ya kufikiria msuli.

Kila pingili ya kiuno ina sehemu nene ya mbele inayobeba uzito wa mwili, na upinde wa nyuma unaolinda mishipa ya fahamu. Katika upinde huo, upande wa kulia na wa kushoto, kuna daraja jembamba la mfupa linalounganisha kiungo cha juu na kiungo cha chini cha pingili ileile. Mtu anapojikunja kwenda nyuma huku akijipinda upande, daraja hilo hubanwa. Kubanwa mara moja hakuna neno; lakini kubanwa mara mamia kwa wiki, tena kwa mfupa wa kijana ambao bado haujakomaa, huuchosha mfupa upesi kuliko unavyoweza kujijenga upya, na mwisho wake ni ufa wa msongo ambao madaktari huuita spondilolisisi. Mara nyingi sana ufa huo hutokea kwenye pingili ya tano ya kiuno, iliyo ya chini kabisa, na baada yake ni pingili ya nne.

Sasa mtazame kijana wako anaporusha. Mguu wa kushoto unagonga ardhi ukiwa umenyooka, nyonga inasimama ghafla, kifua kinaendelea kwenda mbele huku mkono wa kulia ukiwa bado nyuma, na mgongo mzima unapindika kama uta uliovutwa. Upinde huo ndio unaoupa mkuki umbali, na ndio huohuo unaobana lile daraja. Vijana wetu wanamtazama Julius Yego wa Kenya, ambaye alijifunza mengi kwa kutazama video za warushaji mtandaoni na kisha akawa bingwa wa dunia mjini Beijing mwaka 2015 kwa mrusho wa meta 92.72, wanauona ule uta wa mgongo na kuuiga, lakini video haiwaonyeshi miaka ya kujenga nyonga, tumbo na miguu iliyoutangulia. Halafu jioni kijana wako anaingia kwenye voliboli, anaruka, anajikunja nyuma na kupiga mpira, na mgongo wake haujui kwamba huo ni mchezo mwingine. Katika kriketi, ambako tatizo hili limechunguzwa sana kwa warushaji wa mpira wa kasi, ufa hutokea zaidi upande ulio kinyume na mkono unaorusha. Maumivu ya kushoto kwa anayerusha kwa mkono wa kulia yanaoana na picha hiyo.

Utafiti wa Hispania uliochapishwa mwaka 2000 ulipitia wanamichezo wa ngazi ya juu zaidi ya 3,000 na kukuta ufa wa aina hii kwa takriban asilimia 8 yao. Kwa warushaji peke yao kiwango kilifika karibu asilimia 27, juu kuliko hata wacheza jimnastiki na wapiga makasia. Mwaka 1995 madaktari wa Boston, Marekani, waliwalinganisha wanamichezo vijana 100 na watu wazima 100 waliokuja wakiwa na maumivu ya kiuno, wakakuta ufa kwa asilimia 47 ya vijana na asilimia 5 tu ya watu wazima. Vijana hao walikuwa wameshafika kwenye kliniki ya michezo, kwa hiyo usitarajie kiwango hicho kwa kila mwanafunzi anayeshika kiuno uwanjani. Hata hivyo tofauti hiyo inatosha kunifanya nisimtibu kijana wa miaka 16 kama ninavyomtibu dereva wa lori wa miaka 45.

Kuhusu ile eksirei iliyosomwa kuwa mifupa ni mizima, nakuomba usiitegemee. Ufa ukiwa bado mchanga, eksirei ya kawaida huukosa mara nyingi, kwa sababu mfupa umechoka na kuvimba kwa ndani kabla haujaachana. Kipimo kinachoonyesha uvimbe huo mapema ni MRI, yaani picha inayopigwa kwa nguvu ya sumaku, nacho hakimwingizii kijana mionzi. CT skani, yaani eksirei inayopiga picha za mfupa vipande vipande, huonyesha mstari wa ufa kwa uwazi zaidi, ila ina mionzi, kwa hiyo tunaitumia kwa uangalifu kwa mtu wa umri huu. Vilevile usimjaribu kila siku kwa kumsimamisha mguu mmoja na kumkunja nyuma ili uone kama bado anaumia: jaribio hilo lenyewe halitoshi kuthibitisha wala kukanusha ufa, na kulirudia ni kubana palepale panapouma. MRI inapatikana katika hospitali kubwa za rufaa, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili. Natambua ni gharama na ni safari. Kama familia haiwezi kuipata upesi, basi tumtunze kana kwamba ufa upo. Akipumzika bila kuwa na ufa atapoteza msimu mmoja tu, lakini akirusha akiwa na ufa upande mmoja anaweza kuupata na upande wa pili.

Nasema hili kwa uchungu, kwa sababu katika miaka yangu ya mwanzo kazini nilimchua na kumwekea joto mchezaji kijana wa voliboli kwa karibu miezi miwili, nikiamini ni misuli, kwa kuwa kila baada ya tiba alitoka akiwa na nafuu. Alipopigwa picha sahihi, mfupa ulikuwa umeachana pande zote mbili. Nafuu ya siku nne ilinidanganya mimi kama inavyoweza kukudanganya wewe.

Kabla sijaingia kwenye mazoezi, kuna mambo ambayo lazima uyaulize leo hii. Je, maumivu yanamwamsha usiku hata akiwa amelala tuli? Ana homa, jasho la usiku, kikohozi cha muda mrefu au anapungua uzito? Kifua kikuu hushambulia pia uti wa mgongo, na hapa kwetu hatuna ruhusa ya kukisahau, hata kwa kijana mwenye misuli mizuri. Ana ugonjwa wa selimundu? Na endapo mguu unakosa nguvu, sehemu za siri zinakufa ganzi, au anashindwa kuzuia au kutoa mkojo, asisubiri miadi ya mtu yeyote, bali apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Zoezi la kulala kifudifudi na kunyanyua kifua lina historia ya heshima. Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia (tiba ya viungo) wa New Zealand, aligundua thamani yake mwaka 1956, mgonjwa wake alipojilaza kifudifudi kwenye kitanda ambacho upande wake wa kichwa ulikuwa umeinuliwa, akakaa hivyo kwa muda, kisha akaamka akiwa na nafuu asiyoitarajia mtu. Kwa baadhi ya watu, hasa wale ambao maumivu yao huteremka mguuni na huongezeka wanapoinama, kujikunja nyuma huyarudisha maumivu kiunoni na kuyapunguza. Aliyemfundisha kijana wako hakutunga jambo. Alichukua dawa nzuri ya ugonjwa mwingine. Kwa mtu anayeumia anapojikunja nyuma, zoezi hilo linarudia kile kinachomuumiza, na kijana alisema kweli alipokuambia linamzidishia. Aliache.

Kuchua na kukanda hakutamdhuru, ila kunalegeza misuli iliyokaza kwa sababu inalinda mfupa, kwa hiyo kusiwe tiketi ya kurudi uwanjani. Kuhusu sindano, msimamo wangu ni mkali zaidi: kijana asichomwe dawa ya maumivu ili arushe. Maumivu ndiyo kitu pekee kinachomzuia kuendelea kuuchosha mfupa. Wala asiende kwa mtu wa kumkanyaga au kumpinda mgongo mpaka utoe mlio.

Sasa tiba yenyewe. Kupumzika ninakokuambia ni kuacha kurusha, kupiga mpira, kuruka, kukimbia kasi na kubeba vizito, huku akiendelea kutembea na kwenda darasani kama kawaida. Hapa ndipo wewe unaweza kumsaidia kuliko mimi, kwa sababu wewe ndiye unayeyajua maisha ya bweni. Mwanafunzi anaweza kuzuiwa kurusha mkuki saa kumi jioni na asubuhi yake akafyeka nyasi kwa nusu saa, akijipinda upande uleule mamia ya mara, kisha akabeba ndoo ya lita 20 kwa mkono mmoja hadi bwenini. Nimeona vijana ambao hawaponi na hakuna anayejua kwa nini, mpaka ulipoulizwa ufyekaji. Mwombee ruhusa ya maandishi ya kutofyeka na kutobeba maji, na umpe kazi nyingine ili wenzake wasimwone kama mtegaji.

Muda wa kupumzisha mfupa huanzia wiki sita na mara nyingi hufika miezi mitatu, kutegemea kama ufa ni mchanga au wa zamani. Ufa mchanga wa upande mmoja una nafasi nzuri ya kuunga. Ule wa siku nyingi, uliokwisha kuachana pande zote mbili, kwa kawaida hauungi. Nakuomba usivunjike moyo kwa hilo. Uchambuzi wa mwaka 2009 uliokusanya tafiti mbalimbali ulionyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya vijana waliotibiwa bila upasuaji walikuwa na hali nzuri baada ya mwaka mmoja, na wengi hurudi michezoni hata mfupa usipounga kabisa. Uchambuzi huohuo haukukuta kwamba mkanda wa kiuno unaongeza mafanikio, kwa hiyo sitaki wazazi wauze mbuzi ili kuununua. Ambaye mfupa haujaunga anastahili kufuatiliwa mpaka amalize kukua, kwa sababu pingili inaweza kuteleza mbele kidogo.

Zamani tuliwaambia vijana hawa walale kwanza, mazoezi yaje baada ya miezi mitatu. Siku hizi tunaanza mapema zaidi, na utafiti wa Marekani wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wanamichezo walioanza fiziotherapia kabla ya wiki kumi kupita walirudi michezoni siku 25 hivi mapema kuliko waliocheleweshwa, bila madhara zaidi. Kanuni ninayomwekea kijana ni moja: kiuno kisiume wakati wa zoezi, kisiume jioni, wala asubuhi inayofuata. Kikiuma, zoezi limezidi, na tunarudi hatua moja nyuma.

Huanza chini kabisa, kijana akiwa amelala chali na magoti yamekunjwa, akijifunza kuuweka mgongo katika hali yake ya katikati, si kuubana sakafuni wala kuunyanyua, huku akipumua kawaida na kukaza tumbo kidogo kama mtu anayetarajia kuguswa ghafla. Akiweza hilo, anainua mguu mmoja mmoja bila mgongo kusogea. Kisha anapiga magoti na kuegemea mikono, ananyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto, anashikilia sekunde nane au kumi, anabadilisha. Anaongeza kulala kiubavu akiegemea kiwiko na kuinua nyonga, kwanza magoti yakiwa yamekunjwa. Mazoezi haya yanaonekana madogo mno kwa kijana anayetaka kurusha meta 50, na wengi huyadharau hadi ninapowaomba wayafanye polepole, ndipo wanapotetemeka. Mwaka 1997 watafiti wa Australia waliwafuatilia watu 44 wenye maumivu sugu pamoja na ufa au kuteleza kwa pingili, wakaona kwamba wiki kumi za kuifundisha misuli ya ndani ya tumbo na ile midogo ya kando ya uti ziliwapunguzia maumivu, na faida hiyo ilikuwapo bado baada ya miezi 30.

Lakini kiuno cha mrushaji hakiponi kwa kukishughulikia kiuno peke yake. Mimi hutumia muda mwingi zaidi kwenye nyonga na kifua. Nyonga ya kulia isipoweza kunyooka nyuma vizuri kwa sababu misuli ya mbele ya paja imekaza, au sehemu ya juu ya mgongo isipozunguka, mwili utautafuta mzunguko huo mahali pengine, na mahali penyewe ni kiuno. Kwa hiyo anyooshe misuli ya mbele ya nyonga akiwa amepiga goti moja, makalio yakiwa yamekazwa ili mgongo usijikunje. Alale kiubavu na kufungua mkono kuzungusha kifua. Na afanye kazi ya bega, maana bega gumu nalo huomba msaada kiunoni. Halafu zije nguvu: kuinua nyonga kwa miguu miwili na baadaye mguu mmoja, kuinama kutoka kwenye nyonga huku fimbo ikiwa imegusa kichwa, mgongo na makalio, kuchuchumaa na kupanda kigogo akiwa na mzigo unaoongezeka. Vifaa visiwe kisingizio. Tyubu ya baiskeli iliyofungwa kwenye nguzo inatosha: asimame kiubavu, aishike mbele ya kifua, anyooshe mikono na akatae kuzungushwa. Hilo ndilo zoezi linalofanana zaidi na kazi ya kiuno wakati mguu wa kushoto unapogonga ardhi.

Siku atakapotembea, kukaa darasani na kujikunja nyuma taratibu bila maumivu, akashikilia lile zoezi la kiubavu upande wa kulia na wa kushoto kwa muda unaolingana, na kurukaruka mara kumi kwa kila mguu bila kuhisi kitu, ndipo nitamruhusu kukimbia polepole, kisha kasi, kisha kuruka. Kurusha huja mwisho. Mimi huanza na mpira mwepesi kwa mikono miwili, kisha mkono mmoja akiwa amesimama, mirusho 20 kwa siku, siku tatu kwa wiki, kila moja ikifuatiwa na siku ya kupumzika. Baadaye mkuki kwa kusimama, kisha hatua tatu, na mbio kamili baada ya wiki nyingine nne hadi sita. Chunguza pia mkuki wenyewe: kanuni za kimataifa zinampa mvulana wa chini ya miaka 18 mkuki wa gramu 700, lakini shule nyingi zina wa gramu 800 peke yake na watoto wote huutumia. Kriketi imejifunza kuhesabu mipira ambayo kijana anaruhusiwa kurusha kwa siku. Nakuomba ufanye vivyo hivyo kwa daftari, ukijumlisha mirusho ya mkuki na mipira anayoipiga kwenye voliboli katika hesabu moja. Katika msimu wa UMISSETA mwanafunzi mmoja hushindana shuleni, wilayani na mkoani ndani ya kipindi kifupi, kila ngazi na mchujo wake, na sijaona anayehesabu.

Chakula nitakigusa kwa ufupi. Mfupa hauungi kwa njaa. Dagaa wanaoliwa wazima, maziwa inapowezekana, maharage ya kutosha, kukaa juani na usingizi wa saa nane ni sehemu ya tiba, na kijana anayekua haraka huku akifanya mazoezi anahitaji kujazwa sahani kuliko mwenzake.

Ikitokea MRI ikaonyesha mfupa mzima kabisa, nitafurahi pamoja nawe, na ratiba itafupika sana. Mazoezi yatakuwa hayohayo, ila hatutasubiri mfupa, ataruhusiwa kuendelea na maumivu madogo yanayotulia kufikia kesho yake, na huenda akarudi kurusha ndani ya wiki chache. Kwa maumivu ya namna hiyo hakuna aina moja ya mazoezi inayozishinda nyingine zote kwa mbali. Lenye faida ni lile atakalolifanya kila siku na kuliongeza kidogo kidogo.

Anza na barua. Mwandikie daktari wa hospitali ya wilaya, na nakala uwape wazazi, ukieleza kwamba kijana ana miaka 16, ni mrusha mkuki wa mkono wa kulia na mcheza voliboli, ana maumivu ya kiuno cha kushoto kwa wiki saba yanayoongezeka akijikunja nyuma na akirusha, eksirei haikuonyesha kitu, na kwamba unaomba achunguzwe ufa wa msongo kwenye upinde wa pingili za chini za kiuno, kwa MRI ikiwezekana, na apewe rufaa ya fiziotherapia bila kusubiri maumivu yaishe. Ambatanisha majibu ya maswali niliyokutajia kuhusu usiku, homa, uzito na mkojo. Kisha mwite kijana umweleze mwenyewe, akiwa peke yake, kwamba nafasi yake kwenye timu ya mwaka ujao haijachukuliwa na mtu.